Diwani Aliyefunga Maduara ya Isenga

Nilipohamishiwa kata ya Mwabulugu kuwa mtendaji, mwenzangu niliyempokea ofisi aliniambia jambo moja tu kabla hajapanda basi. Alisema diwani wa pale ni mwanamke, hajavuka darasa la saba, na nisithubutu kumsomea barua nusunusu, kwa kuwa ataichukua aisome mwenyewe hadi mwisho. Alisema huku akicheka. Mimi nilikuwa nimetoka Biharamulo tangu alfajiri, mgongo unaniuma, na sikuona cha kuchekesha.

Kesho yake asubuhi nikamkuta amekaa kwenye benchi la nje ya ofisi, ananisubiri. Mama wa miaka arobaini na mitano hivi, mfupi, mabega mapana, kitenge kimefungwa juu ya gauni.

"Mtendaji mpya ni wewe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Naitwa Theonest."

"Mheshimiwa ni kule halmashauri. Hapa mimi ni Mama Luka."

Jina lake kamili lilikuwa Limi Maduhu. Nilifanya naye kazi miaka minne, na ninayoyaandika hapa mengine niliyaona, mengine nilisimuliwa na Juliana, mama aliyekuwa akiponda mawe ya dhahabu machimboni na aliyekuwa rafiki yake kabla ya siasa.

Limi alizaliwa kijiji cha ndani, nyuma ya Masumbwe, nyumba ya wafugaji. Alimaliza shule ya msingi, akaolewa na Masele, mchimbaji. Masele aliugua kifua miaka miwili, kile kifua cha vumbi la mawe ambacho wachimbaji wanakijua, akafariki na kumwacha na mtoto mmoja, Luka, wa miaka tisa. Shemeji zake walitaka arudi kwao. Badala yake alibeba sufuria zake akaenda kuuza chakula kwenye machimbo ya Isenga, kilometa tatu kutoka barabarani.

Huko ndiko siasa ilikomkuta. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, ugonjwa wa kuharisha uliingia Isenga. Walikufa watu wawili, mmoja kijana kutoka Singida ambaye hakuna aliyejua ndugu zake. Machimbo yalikuwa na watu mia sita na choo hata kimoja hakikuwepo. Limi aliwakusanya akina mama wote waliouza chakula, akawaambia wasiwashe moto. Siku ya kwanza wanaume walidhani ni utani. Siku ya pili mwenye leseni ya machimbo, Chacha, mtu wa Tarime mwenye sauti nene, akaja mwenyewe.

"Mama Luka, watu wangu wana njaa."

"Watu wako wanajisaidia porini. Mvua inashusha uchafu kisimani, na mimi napikia maji hayohayo. Chimba vyoo, nami nitapika."

"Vyoo nitachimbiwa na nani sasa hivi?"

"Chacha, watu mia sita hapa kazi yao ni kuchimba. Shimo la choo linawashindaje?"

Juliana anasema wachimbaji walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Siku ya tatu mchana vyoo vinane vilikuwa tayari, na jioni ugali ukapikwa. Uchaguzi ulipofika, Chacha ndiye wa kwanza kusema huyu mama agombee. Akamwazima pikipiki ya kuzungukia vijiji. Limi alishinda kwenye kura za maoni za chama, kisha akashinda udiwani, na shemeji zake waliotaka arudi kwao wakaja kumpongeza.

Kikao chake cha kwanza halmashauri bado kinasimuliwa. Kisukuma chake kilikuwa kimelala kwenye Kiswahili, ra na la zilikuwa zinabadilishana viti. Alisimama akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, katika balaza hili," na baadhi ya watu wakacheka. Akasubiri wamalize.

"Mkimaliza nitaendelea," alisema. "Mama mmoja wa kata yangu amejifungulia juu ya mkokoteni wa ng'ombe, njiani kwenda Masumbwe. Mtoto hakulia. Zahanati yetu imesimama kwenye renta mwaka wa sita, na nyasi zimeota ndani. Nimekuja kuuliza nani anaijua habari hiyo."

Hakuna aliyecheka tena. Zahanati iliezekwa mwaka wa tatu wa udiwani wake, na nusu ya mawe ya msingi wa nyumba ya muuguzi yalibebwa kwa msaragambo, kazi ya kujitolea ya wanakijiji wote, yeye akiwa mstari wa mbele na jiwe kichwani.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mkali, hakuvumilia mtu anayezunguka na maneno, na mara nyingi aliwakatisha wazee katikati ya mazungumzo. Aliwahi kunifokea mbele ya wenyeviti wote wa vijiji kwa barua niliyochelewesha siku mbili, na kuomba radhi hakukujua. Nyumbani kwake alikuwa hakai. Luka, ambaye sasa alikuwa mwanaume wa miaka ishirini na sita, ameoa mke anayeitwa Dorah, aliniambia siku moja, bila hasira, kwamba mama yake ni wa vijiji vinne na yeye anapata zamu yake siku ya Jumapili, kama hakuna msiba.

Luka alifanya kazi kwa Chacha, duara la tatu. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. Yale ya Isenga yalikuwa yamefika chini sana, na kuta zake zilishikiliwa na miti inayoitwa matimba. Miezi minane walikuwa wanatoa udongo na mawe matupu. Mwezi wa tatu, mwaka wa nne wa udiwani wa Limi, wakaufikia mwamba wenye dhahabu. Isenga ilichangamka, watu wakamiminika kutoka Geita na Kahama, na bodaboda zikawa zinapita mbele ya ofisi yangu bila kukatika.

Mvua za mwezi huo zilikuwa kubwa. Siku moja asubuhi Juliana alikuja ofisini, tope limempanda hadi magotini.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia Limi. Halafu akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie, "Njoo uone ufa."

Tulikwenda wote watatu. Ufa ulikuwa kati ya duara la tatu na la nne, umefunikwa na majani, mrefu kama hatua thelathini. Juliana alituambia siku tatu nyuma ulikuwa mwembamba, kidole hakipiti. Sasa alichutama akaingiza mkono wake wote hadi kwenye kiwiko. Limi alitafuta fito, akaitumbukiza. Ikazama yote. Chini yetu tulisikia nyundo za watu wakifanya kazi, na mmoja akiimba.

Tulirudi ofisini, akakaa kwenye benchi la nje mpaka saa nane, akaondoka bila kuaga. Kesho yake ndipo alipokwenda kwa Chacha. Alinitaka niwepo.

"Funga duara la tatu na la nne mpaka mvua ziishe," alisema.

"Mama Luka, ardhi inapasuka kila masika. Tumeongeza matimba."

"Mmeongeza mangapi?"

"Yanatosha. Tumekaa miezi minane hatujaona kitu. Leo mwamba umeonekana, wewe unaniambia nifunge? Ni nani aliyekuzungusha vijijini kwa pikipiki?"

"Ni wewe. Na sijasahau. Funga wiki sita tu."

"Siwezi."

"Basi nitakwenda kwa mwenye uwezo."

Diwani hana mamlaka ya kufunga machimbo. Nilimwambia hivyo, na nilimwambia pia kwamba uchaguzi uko karibu. Nakiri niliogopa kwa ajili yangu mwenyewe vilevile. Alinisikiliza, kisha akaniomba niandike barua. Niliandika. Aliisoma yote, kidole kikifuata mistari, akaniambia nifute neno "tunapendekeza" na kuweka "tunaomba kwa haraka." Akapanda bodaboda kwenye mvua kwenda ofisi ya madini.

Afisa alikuja siku ya pili, akaukagua ufa, akashuka hadi nusu ya duara la tatu, akapanda uso umebadilika. Alifunga Isenga yote, maduara tisa, mpaka mvua ziishe na matimba yawekwe upya. Yeye Limi alikuwa ameomba mawili.

Wiki moja ilitosha kuiua Mwabulugu. Wachimbaji walibeba vitanda vyao vya kamba wakaondoka. Akina mama wa chakula, wale wale waliogoma naye kuwasha moto, wakabaki na sufuria tupu. Wenye maduka walikaa mlangoni wakitazama barabara. Salamu zikapungua. Mzee mmoja aliyekuwa akimwita "mwanangu" akaanza kumwita "Mheshimiwa," na Limi alilisikia neno hilo kama kofi.

Aliitisha mkutano wa hadhara kwenye kiwanja cha mnada, saa tisa mchana. Walikuja watu wengi kuliko siku ya kampeni. Mwanaume mmoja, Cornel, mwenye nyumba ya kulala wageni karibu na kituo cha mabasi, alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, tuambie. Duara limeanguka?"

"Halijaanguka."

"Kuna mtu amekufa?"

"Hakuna."

"Sasa umefunga kwa sababu ya nini?"

"Kwa sababu hiyo hiyo, Cornel. Hakuna aliyekufa."

Watu wakapiga kelele. Mimi nilikuwa nikiandika muhtasari. Limi alisimama pale mpaka kelele zikachoka zenyewe, akajibu maswali yote, na mengine yalikuwa matusi. Hakumwita mgambo.

Luka hakuuliza swali mkutanoni. Aliuliza nyumbani kwa mama yake, siku mbili baadaye, nikiwa nimepeleka barua ya kusainiwa. Nilitaka kuondoka, Limi akaniashiria nikae.

"Mama, ningekuwa mtoto wa mtu mwingine, ungefunga?"

"Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningefunga siku ileile niliyouona ufa. Nilichelewa siku moja kwa ajili yako. Siku nzima nilikaa nawaza utasemaje."

Luka aliinamisha kichwa. "Dorah ana mimba ya miezi saba. Siwezi kukaa kusubiri mvua."

"Ninalo shamba la mpunga."

"Mimi si mkulima, mama. Nakwenda upande wa Runzewe. Kuna machimbo mapya, wenzangu wameshatangulia."

"Umeyaona?"

"Nitayaona nikifika."

Alimshika mama yake mkono wa kuagana kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akaondoka. Hawakugombana. Nasema hivi kwa kuwa baadaye watu walieneza kwamba alifukuzwa, na si kweli.

Siku kumi na moja baada ya hapo tulikuwa ofisini tunasuluhisha ugomvi wa mpaka, mkulima na mfugaji, ng'ombe wameingia kwenye mihogo. Ilikuwa saa nne asubuhi. Simu ya Limi ikaita. Alisikiliza, akauliza, "Wangapi?" Kisha akaikata.

"Mtendaji, andika kikao kimeahirishwa," alisema. "Luka amefukiwa. Wako watatu."

Nilikwenda naye. Njiani alikaa mikono juu ya mapaja, kama mtu aliyebeba maji asiyotaka yamwagike. Tulipofika tukakuta umati mkubwa, mitambo haijafika, na wanaume kama ishirini wako ndani ya shimo wanafukua kwa majembe na ndoo. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa ndio uliomeguka. Ukuta wa upande wa pili bado ulikuwa wima, juu ya vichwa vya wale wanaume, na maji yalikuwa yanachuruzika ndani yake.

Limi alipita katikati ya watu mpaka ukingoni. Akautazama ule ukuta. Halafu akamgeukia askari aliyekuwa akisimamia.

"Watoe hao watu."

"Mama, wanawatafuta waliofukiwa."

"Naona. Mmoja ni mwanangu. Ukuta huo utawafuata na wao. Watoe, weka matimba kwanza, ndipo warudi."

Askari alisita. Mama mwingine, ambaye mtoto wake naye alikuwa chini, alimrukia Limi akamkamata gauni, akamlilia usoni, "Unataka wafe? Unataka wafe?" Limi hakujitoa mikononi mwake. Alimkumbatia tu, na juu ya bega la yule mama akaendelea kumtazama askari. Mwishowe askari akapiga filimbi, wanaume wakapanda.

Ilichukua saa nne kukata miti na kuiweka. Saa nne hizo nilizihesabu dakika kwa dakika, na sijui yeye alizipitisha vipi. Alikaa chini kwenye tope, yule mama pembeni yake, wote wawili wakitazama shimo lisilo na mtu. Kazi ikaanza tena. Mmoja alitolewa jioni. Luka na mwenzake walitolewa kesho yake mchana.

Daktari aliwaambia wazazi kwamba wote watatu walikufa papo hapo, udongo ulipoanguka. Limi alimwuliza, "Una hakika?" Daktari akasema ana hakika. Baada ya kitambo akamwuliza tena, swali lilelile, kwa sauti ileile, na daktari, aliyekuwa kijana mwenye subira, akamjibu kama mara ya kwanza.

Tulimzika Luka nyumbani, Mwabulugu. Nilidhani watu hawatakuja, kwa jinsi mambo yalivyokuwa. Walikuja. Akina mama wa chakula walipika siku zote za matanga bila kuitwa. Lakini maneno hayakukosekana. Kisimani na kwenye vilabu vya pombe ilisemwa kwamba angeacha Isenga wazi, mwanawe angekuwa hai. Wengine walisema Mungu amemwonyesha. Maneno hayo yalimfika. Katika kata ndogo kila neno lina miguu.

Chacha alikuja na matimba yake yote ya akiba kwenye lori, akayashusha yawe nguzo za turubai la msibani. Yeye na wachimbaji wake ndio waliochimba kaburi. Siku ya mwisho alikaa mbele ya Limi kwenye kigoda.

"Mama Luka, nilikukasirikia sana."

"Endelea kunikasirikia. Ila ukifungua, weka matimba mara mbili ya yale ya kwanza."

"Nimeshaagiza."

"Chacha."

"Naam."

"Alikuwa mfanyakazi mzuri?"

Chacha aliitikia kwa kichwa, akatoka nje.

Isenga ilifunguliwa mwezi wa sita. Ufa ulijazwa, matimba yakawekwa upya, na maduara ya tatu na ya nne hayakuanguka, wala hayajaanguka mpaka leo. Je, yangeanguka mwezi ule wa tatu, na Luka na wenzake wakiwa chini? Afisa wa madini anasema ndiyo. Wachimbaji wengi wanasema hapana. Mimi niliingiza fito nyingine kwenye ufa ule kwa mkono wangu baada ya Limi, na bado siwezi kuapa. Hakuna makaburi ya kuonyesha, na mtu anayeomba kura anahitaji kitu cha kuonyesha.

Kwenye baraza la mwisho la mwaka ule alisimama amevaa nguo nyeusi. Aliomba kila machimbo ya wilaya yawe na kamati ya kukagua kingo nyakati za mvua, na nusu ya wajumbe wawe akina mama wanaoponda mawe, kwa kuwa wao hukaa juu kutwa nzima na ndio wanaoiona ardhi ikibadilika. Alisema "balaza" kama kawaida yake. Hoja ilipita bila mtu kuipinga. Wajumbe walisimama, si kwa kupiga makofi, walisimama tu kimya, na mwenyekiti akaliacha jambo hilo lipite bila kuwakaribisha wakae.

Miezi michache baadaye ilikuwa kura za maoni. Nilimshauri asigombee, akapumzike na msiba. Alisema asipogombea watadhani anaona aibu, naye aibu hana, ana huzuni, na hivyo ni vitu viwili. Mpinzani wake alikuwa Cornel, aliyeahidi kwamba kwake yeye machimbo hayatafungwa hata siku moja. Cornel alimshinda mbali. Matokeo yalipotangazwa Limi aliinuka kutoka safu ya pili, akavuka ukumbi, akampa mkono.

"Hongera, Mheshimiwa," alimwambia. "Kamati ya Isenga inakutana kila Jumatatu. Uwe unafika."

Cornel alisema atafika. Alifika mara mbili.

Mimi nilihamishiwa Chato, na sasa naishi Buseresere. Mwaka huu mwezi wa pili nilikuwa na safari ya Kahama, nikashuka Mwabulugu kumsalimia. Dorah ndiye aliyenifungulia. Amebaki kwa mama mkwe wake, na binti yake, aliyezaliwa wiki tano baada ya mazishi, alinipa shikamoo akiwa amejificha nyuma ya mlango. Limi hakuwepo. Nikaelekezwa mtoni.

Nilimkuta amesimama na Juliana na wanawake wengine kwenye kivuko kinachotenganisha kijiji na shule. Mvua ilikuwa imebomoa kalavati usiku wa kuamkia siku ile, na watoto walikuwa wamerudi nyumbani. Nywele zake zimekuwa nyeupe upande mmoja. Alipima kina cha maji kwa mti, akapiga alama kwa kisu, akaanza kunieleza urefu wa bomba linalotakiwa kabla hata hatujamaliza kuulizana hali.

"Mtendaji," alisema, bado ananiita hivyo, "mhandisi wa barabara wa wilaya siku hizi ni nani?"

Nilimwambia simjui, lakini nitaulizia.

"Ulizia sasa hivi. Mtandao upo pale kwenye mwinuko."

Nikapanda kwenye mwinuko na simu yangu, viatu vimejaa tope, na yeye akarudi kuingia majini.